Kengele ya Chumba cha Marehemu: Niliyojifunza Nikitengeneza Mchezo wa Sauti wa Mauaji na Mzuka

Katika mchezo wa sauti, mtu asiyesema hayupo. Msikilizaji hana jukwaa la kutazama wala uso wa kuukumbuka, na mhusika akinyamaza kwa dakika mbili tatu anafutika kabisa. Atakapofungua kinywa tena, watu hushtuka kwamba kumbe alikuwamo chumbani muda wote. Niliambiwa hivyo siku nilipojiunga na kikundi cha kujitolea kinachotengeneza michezo ya kusikiliza hapa Liverpool, na nikaitikia kama mtu anavyoitikia jambo lililo wazi. Uzito wake nilikuja kuupata tulipoanza kutayarisha kisa cha mauaji cha mwaka 1872, katika zama za Malkia Victoria: nyumba ya mfanyabiashara wa pamba, bibi wa nyumba aliyekufa baada ya kuugua tumbo kwa majuma kadhaa, mtumishi wa ndani aliyeshtakiwa kumpa sumu, na kengele inayolia usiku kutoka chumba cha marehemu. Ndani ya kisa hicho walikuwamo watu wawili wasioweza kusema. Marehemu alinyamazishwa na kifo. Mshtakiwa alinyamazishwa na sheria.

Hili la sheria huwashangaza wengi, nami lilinishangaza nilipolisoma. Hadi ilipopitishwa Sheria ya Ushahidi wa Jinai ya mwaka 1898, mtu aliyeshtakiwa kwa mauaji nchini Uingereza hakuruhusiwa kutoa ushahidi kwa kiapo katika kesi yake mwenyewe. Ilidhaniwa kwamba mtu ambaye shingo yake imo hatarini hawezi kuaminiwa kusema kweli. Wakili aliweza kumtetea mbele ya juri, yaani raia wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia, haki iliyopatikana kwa sheria ya mwaka 1836, lakini mwenyewe alisimama kizimbani kutwa nzima akisikiliza watu wengine wakieleza maisha yake. Jaji aliweza kumruhusu kusema maneno machache bila kiapo, kama alivyoruhusiwa Florence Maybrick mwaka 1889, katika mji huu huu wa Liverpool, aliposhtakiwa kumuua mumewe kwa sumu ya aseniki. Alisema machache, akahukumiwa kunyongwa, adhabu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha, na akaachiwa mwaka 1904. Mtumishi katika mchezo wetu hakupewa hata hayo machache. Basi tulikuwa na kazi ya kumfanya msikilizaji amhisi mtu asiyetamka neno katika sehemu nzima ya kesi, na wakati huohuo amhisi marehemu ambaye hatamki neno katika mchezo mzima. Nilikuja kuona kwamba kazi hizi mbili ni kazi moja.

Sehemu yangu katika kikundi ilikuwa sauti zote zisizotoka vinywani mwa waigizaji: nyayo, milango, vyombo, upepo, magari ya farasi. Wengi wetu tulitaka kuanza na mzuka, kwa kuwa ndio uliotuvuta. Mwongozaji wetu, mama mtu mzima aliyefanya kazi za redio kwa miaka mingi, alikataa. Alitaka tujenge nyumba kwanza, chumba kwa chumba, mpaka msikilizaji aweze kuitembea gizani bila kujikwaa. Alituambia, "Asiyeiamini ngazi yenu hatamwamini anayeishuka." Kwa muda mrefu tulirekodi mambo ambayo hayana hata chembe ya kutisha, na leo ninaamini kwamba hofu yote iliyopatikana baadaye ilitokana na kazi ile ya awali.

Chukua mfano wa barabara iliyo mbele ya nyumba. Magurudumu ya magari ya farasi yalifungwa pete za chuma, barabara za mjini zilitandikwa mawe, na kelele zake zilikuwa kubwa mno. Mtu wa familia yenye uwezo alipougua sana, jamaa zake walimwaga mabua ya ngano barabarani, mbele ya nyumba, ili kishindo cha magurudumu na kwato kipungue. Mchezo wetu unaanza na gari linalopita: kwato na chuma juu ya mawe, kisha ghafla sauti inafifia kana kwamba gari limezama, kisha mawe tena. Hakuna anayesema kwamba ndani kuna mgonjwa. Wasikilizaji wanaoijua desturi hiyo waliing'amua papo hapo, na wasioijua walihisi tu kwamba mbele ya nyumba ile kuna kitu hakiko sawa, jambo ambalo kwetu lilitosha.

Kwato zenyewe tulizifanya kwa vifuu vya nazi, njia ambayo mafundi wa sauti wa jukwaani na redioni wameitumia tangu zamani. Hapa nilijikuta mwalimu bila kutarajia. Wenzangu walinunua nazi dukani na kuiponda kwa nyundo ikatoka vipande vipande. Mimi nimekulia Tanga, ambako nazi hupasuliwa kila siku jikoni, kwa hiyo niliishika kiganjani, nikaigonga kwa mgongo wa kisu kizito huku nikiizungusha, mpaka ikaachia katikati na kutoa vifuu viwili vilivyo sawa. Tuliikuna nyama, tukaviacha vifuu karibu na kipasha joto vikauke sawasawa, kwa sababu kifuu kibichi kinatoa sauti nzito iliyolala na kikavu kinatoa sauti kali inayoruka. Juu ya bamba la jiwe ilikuwa barabara ya mawe. Tukivifunga kitambaa na kugonga juu ya mabua, ilikuwa mbele ya nyumba yetu. Kilichotuchukua muda ni mwendo. Farasi anayetembea anakanyaga kwa mapigo manne, na anayekwenda mbio za taratibu anakanyaga kwa mapigo mawili, maana miguu inashuka kwa jozi. Mtu aliyewahi kukaa na farasi akisikia mapigo yasiyo ya farasi, haamini tena kitu kingine utakachomwambia.

Ndani ya nyumba kulikuwa na gesi. Nyumba ya tajiri wa mwaka 1872 iliwashwa kwa gesi ya makaa ya mawe, na ndimi zake za moto zilikuwa wazi, zikitoa mvumo mwembamba usiokatika. Jambo lililonifurahisha mimi kama mtu wa sauti ni kwamba taa ikiwashwa mahali pengine nyumbani, msukumo wa gesi unaweza kupungua na moto wa chumba ulichomo ukanywea. Tulirekodi mvumo wa jiko dogo la gesi, na katika sehemu ya pili, mpishi akiwa peke yake jikoni usiku wa manane, mvumo ule unashuka kidogo kisha unarudi. Hakuna neno linalosemwa. Aliyesikiliza kwa makini anajua kwamba kuna mtu aliye macho ghorofani.

Kimya nacho kilidai kazi yake. Mtu asiyezoea hudhani kwamba kimya ni kuondoa sauti zote, ila ukifanya hivyo katika rekodi, msikilizaji anafikiri simu yake imezima na anaanza kuibonyeza. Kila chumba kina kimya chake: dohani inayovuta upepo, mbao zinazojinyoosha, saa ya ukutani. Tulirekodi kimya cha kila chumba tulichotumia, na ulipofika wakati wa mzuka hatukuongeza kitu chochote, tulikuwa tunapunguza. Desturi ya wakati ule ya kusimamisha saa mtu anapofariki ilitusaidia sana, kwa sababu chumba cha marehemu kilikuwa na sababu halali ya kutokuwa na mlio wa saa. Mtumishi akipanda ngazi kutoka jikoni, saa ya chini inabaki nyuma yake, inazidi kuwa mbali, na mlango wa chumba cha bibi unapofunguka hakuna saa inayompokea. Nimeona watu wakishika mikono ya viti vyao pale, na hapo palikuwa na mlango tu na ukosefu wa saa.

Sasa nifike kwenye kengele, maana ndiyo iliyobeba mchezo. Katika nyumba kubwa za wakati ule, kila chumba kilikuwa na mpini au utepe wa kuvuta, aghalabu kando ya mahali pa moto. Waya ilipita ndani ya kuta, ikapinda kwenye kona kwa vyuma vidogo vyenye umbo la kiwiko, mpaka kwenye ubao uliokuwa karibu na jikoni, ambako kengele zilining'inia kwa safu, kila moja juu ya springi yake. Kila kengele ilikuwa na sauti yake, na springi iliifanya iendelee kutikisika baada ya kulia, ili mtumishi aliyekuja mbio aweze kuona ni chumba gani kilichoita. Mzee mmoja anayekarabati nyumba za zamani alituazima kengele moja yenye springi yake na vipande vya waya. Tulipoifunga kwenye ubao na kuivuta kutoka upande wa pili wa ukumbi, tuligundua kitu ambacho hakikuwamo katika mswada wowote: kengele hizi hazianzi kulia kwa kulia. Kabla ya mlio husikika mkwaruzo wa waya ukutani, kisha vile viwiko vya chuma vinagonga tak tak, ndipo kengele inapoitika. Nyumba inavuta pumzi kabla ya kuita.

Mzuka wa kengele haukuwa wazo letu la kutunga tu. Mwaka 1834, miaka mitatu kabla ya Victoria kuanza kutawala, kengele za nyumba ya Meja Edward Moor huko Great Bealings, katika jimbo la Suffolk, zilianza kulia zenyewe tarehe 2 Februari na ziliendelea hadi karibu na mwisho wa Machi. Meja alizichunguza, akakaa jikoni akizitazama zikitikiswa kwa nguvu, wala hakupata mkono wa mtu. Mwaka 1841 alichapisha kitabu kidogo juu ya jambo hilo, pamoja na ushuhuda wa watu wengine ambao kengele zao zilifanya vivyo hivyo. Tulipolisoma simulizi hilo tuliona kwamba watu wa karne ile waliishi na waya ndani ya kuta zao, waya zilizoweza kuguswa na panya, na baridi, na mtu mwenye nia mbaya, na kwamba hofu ya kengele ilikuwa hofu ya kila siku ya mtumishi ambaye kazi yake ni kuitika.

Mwandishi wetu aliupanga mchezo upya baada ya kuisikia kengele ile. Katika kisa chetu, kengele ya bibi inalia usiku baada ya mazishi kwa sababu mwuaji, ambaye ni mpwa wa bwana mwenye nyumba, anaingia chumbani gizani kutafuta kifurushi cha aseniki alichokificha, na akipapasa kando ya mahali pa moto anagusa mpini. Kila inapolia, mkwaruzo wa waya unatangulia. Mpelelezi wa polisi anaamuru waya ikatwe, na tulihakikisha inasikika ikikatika: mlio mkali wa chuma, kisha ncha yake ikirudi ndani ya ukuta. Katika dakika za mwisho za mchezo kengele inalia tena, na safari hii hakuna mkwaruzo. Hatukumpa mhusika yeyote maneno ya kulieleza jambo hilo. Tulimwekea msikilizaji ushahidi masikioni mwake tangu sehemu ya kwanza, kwa uaminifu, kisha tukamwachia. Ninaona fahari kubwa juu ya mlio ule mmoja kuliko juu ya kitu kingine chochote nilichowahi kurekodi.

Uaminifu wa namna hiyo ndio unaowapa taabu waandishi wa visa vya upelelezi vya kusikiliza. Mwaka 1851 Bunge la Uingereza lilipitisha Sheria ya Aseniki kwa sababu sumu hiyo ilikuwa ikiuzwa kiholela kwa ajili ya panya, na watu walikuwa wakiuana nayo. Sheria ilitaka aseniki inayouzwa kwa kiasi kidogo ichanganywe na masizi au nili, rangi ya bluu, ili ionekane. Ilimtaka muuzaji amjue mnunuzi au pawepo shahidi anayejulikana na wote wawili. Na ilitaka mnunuzi atie saini katika daftari. Rasimu ya kwanza ya mswada ilikuwa na mchuzi wenye rangi ya bluu. Kwa mtu anayesoma kitabu hilo lingekuwa jambo zuri, ila kwa sikio lilimlazimu mpishi apige kelele kwamba mchuzi ni wa bluu, na mtu aliyeshtuka kikweli hatangazi rangi ya anachokiona. Mchezo wa kwanza ulioandikwa mahususi kwa redio nchini humu, uliorushwa na BBC tarehe 15 Januari 1924, uliwekwa ndani ya mgodi wa makaa ambao taa zake zimezimika, na ninaona busara kubwa katika uamuzi huo: wahusika wenyewe hawaoni, hivyo hakuna anayelazimika kumwona msikilizaji kama kipofu wa kuelezwa mambo.

Tuliiacha rangi, tukashika saini. Katika sehemu ya kwanza mwanamke asiyejulikana anaingia duka la dawa. Kengele ndogo ya mlangoni inalia, daftari zito linafunguliwa, na kalamu ya nibu inakwenda juu ya karatasi kwa kasi, mstari mrefu usiosita. Katika kesi, daftari linaletwa, na jina lililomo ni la mtumishi. Muuzaji, aliyekuwa na haraka siku ile na akaruka sharti la shahidi, anaapa kwamba ni yeye aliyekuja, maana akikiri vinginevyo atashtakiwa mwenyewe. Mtumishi hajui kuandika. Sheria ya elimu iliyoanza kueneza shule za msingi Uingereza ilipitishwa mwaka 1870, kwa hiyo mwanamke mzima wa mwaka 1872 ambaye hakuwahi kushika kalamu hakuwa kitu cha ajabu. Anajua kwamba saini ile haiwezi kuwa yake, na amesimama hatua chache tu kutoka kwa watu wanaoamua uhai wake, na hakuna aliyemuuliza.

Palikuwa na mabishano makubwa juu ya kama mzuka useme. Baadhi ya wenzetu walitaka marehemu atokee na kumtaja aliyemuua, kwa sauti iliyotiwa mwangwi. Nilipinga kwa moyo wote, na kilichonisaidia ni kesi moja ya kweli ya Marekani. Mnamo Januari 1897, katika wilaya ya Greenbrier jimboni West Virginia, alikufa mwanamke kijana aliyeitwa Zona Heaster Shue, akazikwa haraka. Mama yake, Mary Jane Heaster, alisema kwamba binti yake alimtokea usiku nne na kumwambia kuwa mumewe ndiye aliyemvunja shingo. Mama alimwendea mwendesha mashtaka, kaburi likafukuliwa mwezi Februari, na uchunguzi ukaonyesha kwamba shingo ilikuwa imevunjika kweli. Mume alitiwa hatiani mwaka huohuo, akafungwa maisha, na alifia gerezani mwaka 1900. Katika kesi, upande wa mashtaka haukuugusa mzuka kabisa. Wakili wa utetezi ndiye aliyemhoji mama juu yake, akitarajia kwamba juri itamdharau, na mama hakutetereka. Sisemi lolote juu ya kile alichokiona mama yule. Ninachosema ni kwamba mzuka uliwafanya watu wachimbe, na shingo ndiyo iliyotoa ushahidi. Tuliuweka mchezo wetu katika mpaka huo: kengele inaweza kumfanya mtu apande ngazi na kutazama, lakini haiwezi kumtia mtu hatiani.

Hata hivyo tuliweka tukio moja la kuita roho, kwa sababu nyumba ya mwaka 1872 yenye msiba na fedha ingekuwa jambo la ajabu isipofanya hivyo. Mtindo huo ulianzia Marekani mwaka 1848, pale mabinti wa familia ya Fox huko Hydesville, New York, waliposema kwamba roho inawajibu kwa kugonga, na ndani ya miaka michache ulikuwa umevuka bahari. Mwaka 1888 mmoja wao, Margaret, alikiri hadharani kwamba milio ile ilitoka kwenye viungo vya vidole vya miguu, ingawa baadaye alikana ukiri huo. Nilipokuwa nikilitayarisha tukio hili niliona kwamba lenyewe lilikuwa mchezo wa sauti kamili: taa zinapunguzwa, watu wanashikana mikono wasiweze kutazama chini ya meza, na kila kitu kinakwenda kwa sikio. Mwita roho wetu anabisha meza kwa ustadi na kuiambia familia ile ile ambayo itamlipa kile hasa inachotaka kusikia, yaani kwamba mtumishi ndiye mwuaji. Kengele ya bibi hailii usiku ule hata mara moja. Marehemu anakataa kuja kwa mwaliko wa uongo, na kimya chake ni hasira ya wazi kuliko maneno.

Kwa ajili ya kesi nilikwenda St George's Hall, jengo lililofunguliwa mwaka 1854 na ambamo Maybrick alihukumiwa. Wageni huruhusiwa kuona vyumba vya mahabusu na ukumbi wa mahakama, na ngazi inapanda kutoka chini moja kwa moja hadi kizimbani. Niliipanda taratibu, nikapiga kofi moja, nikasikiliza. Sauti ilikwenda juu, ikachelewa, ikarudi ikiwa imepoteza makali. Pale niliposimama, mtu anayezungumza kwenye kiti cha jaji yuko mbali, na mbao za kizimba ziko karibu mno. Nilirudi kwa wenzangu na pendekezo kwamba sehemu yote ya kesi isikike kutoka mahali aliposimama mshtakiwa.

Tulifanya hivyo. Maikrofoni iliwekwa karibu na uso wa mwigizaji wetu na waigizaji wengine wakasimama ukumbini kwa umbali wa kweli. Yeye alishika reli ya mbao iliyotolewa kwenye kiti cha zamani cha kanisani, akavua pete zake zisilie juu ya mbao, na akaomba kusimama muda wote wa kurekodi kwa kuwa mshtakiwa halisi angesimama. Maneno ya mawakili yanamfikia msikilizaji yakiwa yamechakaa njiani, mengine hayasikiki sawasawa, jambo ambalo lilimuudhi mwandishi mwanzoni. Kilicho karibu ni pumzi yake. Daftari la muuzaji linaposomwa, pumzi inasimama. Anafungua mdomo, ulimi unabanduka, hewa kidogo inaingia, na hakuna neno. Tulirekodi sehemu hiyo mara nyingi, na kila mara ukumbi mzima ulinyamaza ulipofika pale, wakiwamo waigizaji waliocheza watu wanaomchukia. Kesho yake, nilipokuwa nikihariri, niliona kwamba mlio ule mdogo wa mdomo unaofunguka bure, kabla ya neno lisilokuja, ni kinyume kamili cha kengele ya mwisho inayolia bila waya. Mmoja ana sababu yote ya kusikika na hasikiki. Mwingine hana njia ya kusikika na anasikika.

Baada ya hukumu ya kifo, kwa kawaida Jumapili tatu zilipaswa kupita kabla ya kunyonga. Hakukuwa na rufaa. Sheria iliyoanzisha Mahakama ya Rufaa ya Jinai ilipitishwa mwaka 1907. Tangu mwaka 1868 watu hawakunyongwa tena hadharani, na mtumishi wetu angenyongewa ndani ya kuta za gereza la Kirkdale. Lililobaki lilikuwa kumwomba Waziri wa Mambo ya Ndani amshauri Malkia atoe msamaha. Tulipima muda kwa kengele za kanisa za Jumapili zinazosikika kutoka mbali ndani ya seli, ya kwanza, kisha ya pili, na ni baada ya hiyo ya pili ndipo kasisi wa gereza anapoleta karatasi ya maombi na kumpa mtumishi kalamu. Nibu inakwaruza mara mbili, fupi fupi, msalaba. Kasisi anakaa kimya kidogo, kisha anauliza, "Ndivyo utiavyo saini, binti yangu?" Hilo ndilo swali la kwanza ambalo mtu yeyote amemuuliza tangu alipokamatwa, na jibu lake, "Ndivyo, Baba, sijui nyingine," ndiyo sauti yake ya kwanza kusikika baada ya zaidi ya saa nzima ya mchezo.

Anaachiwa kwa msamaha wa Malkia, kwa kuwa sheria haikuwa na njia nyingine ya kumwachia mtu ambaye juri imekwisha kumtia hatiani. Alisamehewa kosa ambalo hakulifanya. Mwandishi alikuwa ameandika kurasa kadhaa baada ya hapo, mpelelezi akieleza kila kitu mbele ya mahali pa moto, na tulizirekodi zote. Mwongozaji alizisikiliza mara moja akaziondoa, akabakiza mtumishi anayerudi nyumbani kuchukua sanduku lake, jikoni ikiwa tupu, na kengele. Wapo wasikilizaji waliotuandikia wakitaka kujua ni nani aliyeivuta. Mmoja, mwanamke aliyesema kwamba bibi yake alikuwa mtumishi wa ndani, aliuliza jambo jingine: kwa nini mtumishi, akiwa huru na sanduku mkononi, alipanda ngazi kuitika. Mwigizaji wetu ndiye aliyemjibu. Alisema kwamba wakati wa kurekodi hakuambiwa apande. Mswada ulisema asimame tu. Lakini alipoisikia kengele ile bila waya, alihisi kwamba safari hii anayeita hana amri juu yake, na miguu ikaenda. Mimi nilikuwa nyuma yake nikizirekodi nyayo zake juu ya mbao, na sikumzuia.